Sato wa ghuba mbili: namna ya kuwatofautisha kwa umbo la mwili

Kaa asubuhi kwenye mwalo wowote wa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, utamsikia mchuuzi akimgeuza sato (tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus) mkononi na kusema, "Huyu si wa huku, huyu katoka Ukerewe." Hana rula wala mizani. Ameangalia mgongo ulivyoinuka, kichwa kilivyokaa, na shina la mkia kama ni nene au jembamba. Mara nyingi nimewauliza wavuvi wakongwe wanatambuaje, na jibu ni lilelile: "Ukiwashika kila siku utawajua."

Mwongozo huu ni wa anayetaka kulipima jicho hilo. Nimemfikiria mwanafunzi wa uvuvi, afisa uvuvi wa kata, au kijana wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo, mwenye simu yenye kamera nzuri na anayeweza kupata kompyuta. Mfano wangu ni sato wa Ghuba ya Mwanza na wa Ghuba ya Speke, lakini hatua ni zilezile kwa samaki wengine wengi, wa ziwani au wa pwani ya bahari. Njia hii ilianzia baharini. Mwaka 1898 Mjerumani Friedrich Heincke alichapisha vipimo vya samaki aina ya heringi wa Bahari ya Kaskazini, akionyesha kwamba wale walioonekana kuwa kundi moja walikuwa makundi kadhaa, kila moja na umbo lake.

Jambo lenyewe si la darasani tu. Kama sato wa ghuba hizi mbili wanakua bila kuchanganyikana, basi ukiwamaliza wa upande mmoja usitegemee wa upande wa pili waje kujaza pengo. Kufunga eneo la mazalia Magu, upande wa Speke, hakutamsaidia mvuvi wa Sengerema, upande wa Ghuba ya Mwanza. Kama wanachanganyikana, hesabu inabadilika.

Kabla ya kushika kamera: umbo linasema nini?

Umbo la samaki linatokana na mambo mawili: alichorithi, na maisha aliyoishi. Chakula, mkondo wa maji, uhaba wa oksijeni na adui anayemkimbiza, vyote huacha alama mwilini. Hapa Mwanza tuna ushahidi ambao dunia nzima inaujua. Watafiti wa Kiholanzi wa timu ya HEST (Haplochromis Ecology Survey Team), akiwemo marehemu Frans Witte, walianza kukusanya furu, samaki wadogo wa ziwa hili, katika Ghuba ya Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla sangara hajaenea. Katika miaka ya 1980 furu wengi walitoweka. Aina mojawapo, Haplochromis pyrrhocephalus, ilirudi miaka ya 1990, na walipoilinganisha na vielelezo vya zamani vilivyotunzwa kwenye chupa wakakuta mwili umebadilika: eneo la matamvua limeongezeka kwa asilimia 64, jicho limepungua, na sehemu ya mkia imekuwa kubwa ukilinganisha na kichwa. Hayo yote ndani ya miaka isiyozidi 20 hivi, kwenye maji yenye oksijeni kidogo, mwanga hafifu na sangara wengi.

Kwa sato jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sato si mwenyeji wa ziwa letu. Wenyeji ni ngege na mbiru; sato aliletwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ukikuta sato wa Speke ana umbo tofauti na wa Ghuba ya Mwanza, usikimbilie kusema ni ukoo mwingine. Unachoweza kusema ni kwamba samaki hawa wamekulia mahali tofauti, na wamekaa huko muda wa kutosha mwili ukachukua sura ya mahali. Kwa kupanga uvuvi, hilo ni jambo kubwa. Habari ya ukoo iulizwe kwa vinasaba.

Hatua ya 1: Chagua mialo, si soko

Kosa la kwanza la wengi ni kwenda Mwaloni Kirumba kununua samaki. Kirumba ni soko la ajabu, lakini kwa kazi hii halifai: pale samaki wa Ukerewe, Kome, Ukara na Sengerema wanakutana ndani ya saa chache, na mwenye boksi anaweza kuwa amenunua kwa watu watatu. Nenda mwalo wenyewe, mtumbwi unapotia nanga, umuulize mvuvi alitega wapi.

Chukua mialo miwili ndani ya kila ghuba. Hapa wengi hubana matumizi na kuchukua mmoja mmoja, kisha wanatangaza tofauti ya "ghuba mbili" wakati walichokiona ni tofauti ya mialo miwili. Ghuba ya Mwanza ni nyembamba na ndefu, karibu kilometa 60, na maji ya kusini kabisa upande wa Misungwi si sawa na ya mdomoni. Ghuba ya Speke ni pana, na mto Simiyu unaingiza tope lake upande wa Magu. Ukiwa na mialo miwili kila upande, utaweza kuuliza swali la haki: je, tofauti kati ya ghuba na ghuba inazidi tofauti kati ya mwalo na mwalo wa ghuba hiyohiyo?

Idadi: samaki 30 kila mwalo, yaani 120 kwa jumla. Sababu ya hesabu hiyo utaiona hatua ya 6.

Kaa mbali na vizimba, yaani nyavu za kufugia samaki ziwani. Siku hizi vizimba vya sato vimekuwa vingi kandokando ya Mwanza, na samaki hutoroka. Sato wa kizimbani amekula chakula cha kununuliwa, mara nyingi ni mnene na mwili wake ni mpana kutoka mgongoni hadi tumboni. Wakichanganyika watano tu kwenye sampuli yako, watakuvurugia picha. Muulize mvuvi kama kuna vizimba karibu na alipotega, uandike jibu lake.

Hatua ya 2: Samaki gani wa kuchukua

Hakikisha kwanza ni sato kweli. Mtandaze pezi la mkia: sato ana mistari ya wima iliyopangika vizuri kwenye pezi lote. Ngege hana. Sato amezaliana na jamaa zake humu ziwani, kwa hiyo samaki mwenye mistari isiyoeleweka muweke pembeni. Usimlazimishe kuingia kwenye hesabu.

Kisha mambo manne ambayo yakipuuzwa yanazaa tofauti ya uongo.

Zana. Wavu wa kutega humnasa samaki kwa unene wa mwili wake. Jicho la wavu la kipimo fulani litampitisha mwembamba na kumshika mpana, kwa hiyo wavu wenyewe unachagua umbo! Ukilinganisha samaki wa wavu na wa ndoana, utakuwa unalinganisha zana. Tumia zana ya aina moja na jicho la kipimo kimoja kwenye mialo yote minne. Ndoana ni bora zaidi kama inapatikana kote.

Ukubwa. Chagua masafa mamoja, mfano sentimeta 20 hadi 30 kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa shina la mkia, pezi lisihesabiwe. Wadogo na wakubwa wawepo kila mwalo kwa uwiano unaokaribiana.

Jinsia. Mgeuze samaki tumbo juu. Nyuma ya mkundu kuna kichuchu. Dume ana tundu moja kwenye ncha yake. Jike ana mawili, la mkojo na mwanya wa kupitishia mayai. Usipoona vizuri, dondosha wino kidogo kisha panguza kwa kidole, mwanya wa jike utajionyesha. Jike wa sato hulea mayai na vifaranga mdomoni, na akiwa katika hali hiyo sakafu ya mdomo hutanuka na mwili hukonda kwa kutokula. Jike wa namna hiyo muache.

Majira. Mialo yote imalizike ndani ya wiki mbili au tatu. Usikusanye Speke wakati wa masika na Ghuba ya Mwanza wakati wa kiangazi.

Ongea na tajiri wa mtumbwi na wanunuzi jioni ya kuamkia siku hiyo. Saa ya kupakua, kila mtu ana haraka na barafu inayeyuka. Waeleze kwamba kila samaki atakaa kwako dakika mbili tu, hatapasuliwa wala kutiwa dawa, na atarudi kwenye beseni akiwa mzima wa kuuzwa. Nimeona kazi ikikwama kwa sababu mtu alikuja na kalamu na makoti meupe bila salamu.

Hatua ya 3: Mpige picha akiwa amenyooka

Hapa ndipo kazi inapofia au kupona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa wawili. Mwenzangu alipiga picha upande mmoja wa ghuba, mimi upande wa pili. Matokeo yalikuwa mazuri mno: makundi mawili yametengana kabisa, hakuna hata samaki mmoja aliyevuka. Tulifurahi wiki nzima. Baadaye tukagundua kwamba mwenzangu alishika simu karibu na samaki na mimi niliishika mbali, na lenzi ya simu ikiwa karibu hukuza kilicho katikati ya picha na kupinda kilicho pembeni. Tulikuwa tumetofautisha mikono yetu. Msimu wote ulipotea.

Tangu hapo ninafanya hivi. Simu moja, mpigaji mmoja, stendi moja, urefu mmoja. Simu iwe angalau mita moja juu ya samaki, ukuze kwa lenzi kama simu yako inayo ya kuvutia mbali; usitumie lenzi pana. Samaki awe katikati ya picha, asikaribie kingo. Weka pimamaji ya fundi uashi juu ya ubao, kisha juu ya simu, vyote viwe sawa. Tandika turubai juu ili mwanga uwe wa kivuli, maana jua la saa tatu likimwangukia sato aliyelowa, magamba yanang'aa na huoni mapezi yanaanzia wapi.

Ubao mzuri ni sponji ngumu nyeupe, ile inayofungia televisheni ndani ya boksi. Ichimbe bonde kidogo katikati ili samaki alale bila kuinamia upande. Mlaze ubavu wa kulia, wa kushoto ukiangalia kamera, na iwe hivyo kwa wote. Mfute ute. Funga mdomo wake, bana kifuniko cha matamvua kikae mahali pake, kisha tandaza pezi la mgongoni, la mkundu na la tumboni kwa pini za kushonea ili mashina yake yaonekane.

Rula usiiweke chini ubaoni. Samaki ana unene, na alama utakazosoma ziko karibu na mstari wa katikati wa mwili wake, juu kidogo ya ubao. Inyanyue rula kwa kipande cha sponji ifike usawa huo.

Samaki aliyeanza kukakamaa hupinda, na ukimlazimisha kunyooka atapinda kwingine. Mpige picha mapema, ndani ya saa chache za kuvuliwa, akiwa ametoka kwenye barafu. Aliyekwisha kukakamaa msubiri alegee au muache. Usichanganye wabichi na waliohifadhiwa kwenye fomalini, kwa kuwa fomalini hukaza mwili.

Kwenye picha weka karatasi yenye namba peke yake. Jina la mwalo, jinsia, zana na tarehe viandikwe kwenye daftari. Faida yake utaiona sasa hivi.

Samaki 10 wa kila mwalo uwapige mara mbili: piga, mtoe ubaoni, mrudishe, mpange upya, piga tena.

Hatua ya 4: Weka alama

Pakua programu ya tpsDig ya F. James Rohlf, ni ya bure na hutumika kwenye kompyuta ya Windows. Kwa msaada wa tpsUtil, programu nyingine ya Rohlf, utatengeneza faili moja lenye picha zote. Zichanganye picha kwanza, za Speke na za Ghuba ya Mwanza ziwe zimeingiliana, na usifungue daftari. Ukijua samaki anatoka wapi mkono wako utaanza kumvuta kuelekea unachotarajia, hata kama wewe ni mtu mwaminifu.

Kwa sato mimi hutumia alama 14, kwa mpangilio huu usiobadilika:

1. ncha ya mdomo wa juu
2. ukingo wa mbele wa jicho
3. ukingo wa nyuma wa jicho
4. mwanzo wa pezi la mgongoni
5. mwisho wa shina la pezi la mgongoni
6. juu, pezi la mkia linapoanzia
7. katikati ya mwanzo wa pezi la mkia, mstari wa pembeni unapoishia
8. chini, pezi la mkia linapoanzia
9. mwisho wa shina la pezi la mkundu
10. mwanzo wa pezi la mkundu
11. mwanzo wa pezi la tumboni
12. kifuniko cha matamvua kinapokutana na mwili upande wa chini
13. ukingo wa nyuma kabisa wa kifuniko cha matamvua
14. juu, pezi la ubavuni linapoota

Hakuna alama katikati ya tumbo. Tumbo hujaa chakula, hujaa mayai, huvimba hewa. Lingekuambia samaki alikula nini jana. Kila alama iwe pale ambapo mtu mwingine, akipewa picha hiyohiyo, angeweka nukta palepale.

Ukimaliza picha zote, pumzika siku mbili, kisha weka alama upya kuanzia mwanzo bila kuangalia za kwanza. Inachosha. Ifanye.

Hatua ya 5: Tenga umbo na ukubwa

Sasa fungua MorphoJ ya Christian Klingenberg, nayo ni ya bure, au kifurushi cha geomorph kama unatumia R, programu ya takwimu. Kazi ya kwanza ni kulinganisha kwa njia ya Procrustes. Fikiria fundi cherehani aliyeshona gauni moja kwa mshono uleule, la mama na la binti. Ukiyatandaza mezani, moja limekaa kushoto, jingine limegeuka, na moja ni kubwa. Ukiyaweka pamoja, ukayageuza yaelekee upande mmoja, na ukalipunguza la mama hadi yalingane, utaona kama mshono ni uleule au fundi alibadilisha mahali. Ndicho programu inachowafanyia samaki wako: inaondoa mahali, mgeuko na ukubwa. Kinachobaki ndicho umbo.

Lakini samaki anapokua, mwili wake hubadilika umbo pia. Mdogo ana jicho kubwa kwa kichwa chake. Kwa hiyo endesha rigresheni ya umbo dhidi ya ukubwa wa sentroidi, yaani hesabu ya jinsi umbo linavyobadilika kadiri ukubwa wa jumla unaotokana na alama zote unavyoongezeka, na kama uhusiano upo, endelea na mabaki ya rigresheni hiyo, yaani umbo lililobaki baada ya kuondoa athari ya ukubwa. Angalia kwanza kama mistari ya ghuba zote mbili inaelekea upande mmoja. Kama inapishana, masahihisho haya hayafai. Linganisha samaki wa saizi moja tu.

Pima kosa lako hapa. Tofauti kati ya samaki na samaki inatakiwa iwe kubwa mara nyingi kuliko tofauti kati ya picha mbili za samaki mmoja au alama ulizoweka mara mbili. Kama zinakaribiana, rudi kwenye picha. Hakuna hesabu ya kukuokoa.

Hatua ya 6: Angalia makundi

Anza na uchambuzi wa vijenzi vikuu, PCA, unaotafuta mielekeo ambayo samaki wanatofautiana zaidi, na ambao haujui samaki anatoka wapi. Tazama mchoro wa kijenzi cha kwanza. Ukiona kichwa na mkia vyote vinapanda juu au vyote vinashuka, hiyo si tofauti ya samaki. Ni miili iliyopinda ubaoni. Ni jambo la kawaida sana, na tpsUtil ina njia ya kuinyoosha.

Halafu kuna uchambuzi wa CVA, unaotafuta mwelekeo unaotenganisha makundi uliyoyataja. Kuwa makini nao mno. Alama 14 zina namba 28. Ukiondoa 2 za mahali, 1 ya mgeuko na 1 ya ukubwa, zinabaki 24. Ukiwa na samaki 20 kila upande, CVA itakutengenezea makundi mawili mazuri hata kama samaki wote wametoka beseni moja. Ndiyo maana tulichukua 60 kila ghuba. Jaribu mwenyewe: changanya majina ya ghuba ovyoovyo na uendeshe tena. Ukiona picha nzuri ileile, picha yako ya kwanza haina thamani.

Kipimo cha kuaminika ni kumtoa samaki mmoja, kutengeneza kanuni kwa waliobaki, kisha kumuuliza yule mmoja anatoka wapi. Rudia hivyo kwa wote 120. Kubahatisha kati ya ghuba mbili kunakupa nusu. Kama kanuni yako inapata nusu na kidogo, sema hivyo. Fanya pia madume peke yao na majike peke yao, na linganisha mialo ndani ya ghuba kama tulivyokubaliana mwanzo.

Hatua ya 7: Rudi mwaloni

Programu itakuchorea umbo la wastani la kila ghuba. Lichapishe kwenye karatasi bila majina na uwapelekee wavuvi waliokupa samaki. Waulize yupi ni wa kwao, na wanaonyesha kwa kidole sehemu gani ya mwili. Andika wanachosema, hasa wanapopingana na mchoro, kwa sababu mara nyingi watakuambia jambo ambalo daftari lako halina: kwamba wiki ile maji yalikuwa ya kijani, au mtumbwi fulani hutega ng'ambo na kupakua huku.

Kisha hifadhi picha za asili, zisizopunguzwa ukubwa, mahali pawili tofauti, pamoja na daftari lililopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na faili la alama za mara ya kwanza na ya pili. Kila picha ibaki na namba yake, na orodha ioneshe mwalo, tarehe, zana, jicho la wavu na jinsia. Furu wa miaka ya 1970 walilinganishwa na wa baadaye kwa sababu kuna mtu alizitunza chupa na vibandiko vyake.